Hesabu Aliyoikosea Wangari

Kwenye benchi la hospitali pale Thika, tulipokuwa tukimngoja daktari wa wagonjwa wa akili, hakuna aliyemwuliza mwenzake anaumwa nini. Mwenye mguu alijulikana kwa mguu wake, na mwenye kikohozi kwa kikohozi chake. Sisi wa upande ule tulijulikana kwa jamaa aliyetushika mkono. Mimi nilishikwa na mama upande mmoja na pacha wangu Wangari upande wa pili. Wapita njia walitutazama mimi na Wangari, wakatutazama tena, wakajaribu kukisia mgonjwa ni yupi. Siku za mwanzo walikuwa wakikosea. Baadaye hawakukosea tena.

Nayaandika haya kwa ajili ya watu wa benchi lile, wagonjwa na wale wanaowashika mikono. Mimi si daktari na sitaeleza ugonjwa. Nitasimulia tu yaliyonipata, na yaliyowapata watu wa nyumba yetu kwa ajili yangu.

Tulizaliwa Ruiru, upande wa Gitothua. Baba yetu alikuwa karani wa kupima kahawa katika shamba la mzungu. Wanawake walipanga foleni na madebe yao, naye alitaja jumla ya kila mmoja bila kuandika, na mwisho wa siku akataja jumla ya shamba zima. Mzungu alikuwa akirudia hesabu kwa kalamu, akakuta ni ile ile. Watu walisema nyumba yetu ina vichwa vyepesi, na kwamba wepesi huo ulitoka kwa mama yake baba, cucu Nyambura, ambaye wanaume walikuwa wakimwita awaamulie kesi za mbuzi kwa sababu alikumbuka kila mbuzi alizaliwa na nani.

Mimi ndiye niliyetangulia kutoka, kwa hiyo nikapewa jina la cucu huyo. Wangari akapewa jina la mama yake mama. Tangu nilipokuwa mdogo baba hakuniita Nyambura. Aliniita maitu, mama yangu, kama ilivyo desturi kwa anayelibeba jina la mama wa mtu. Nilikuwa nikitembea kifua mbele kwa ajili ya neno hilo.

Shuleni mwalimu alitukalisha pembe mbili za darasa akidhani tunaibiana. Tulipata alama zile zile. Mara moja tulikosea swali moja, na kosa lenyewe likawa sawa mpaka tarakimu ya mwisho. Mwalimu aliangua kicheko, akatuacha tukae pamoja. Tulipomaliza masomo ya kati tukaajiriwa sote wawili kufundisha watoto wadogo katika shule ya misheni, mwendo si mrefu kutoka Witeithie. Siku tulipopata habari hiyo, baba alichinja mbuzi.

Kitu ambacho hakuna aliyetueleza kuhusu cucu Nyambura ni jinsi alivyoishia.

Ugonjwa wangu ulianza mvua ya njahi, ile ya masika, mwaka kabla ya watu kuhamishwa vijijini. Haukuanza na sauti. Nilisimama mbele ya ubao nikifundisha saba mara nane, jambo ambalo ningeweza kulisema usingizini, nikakuta mahali pa jibu ni patupu. Watoto walingoja. Nikafuta ubao, nikawaambia wachore miti. Wiki iliyofuata nilianza kusoma sentensi kitabuni, na kabla sijafika nukta, mwanzo wake ulikuwa umeshanitoka. Nilidhani ni uchovu. Wangari alidhani nina mpenzi.

Kisha wakaja wanawake wawili. Walizungumza kutoka juu ya dari, kwa sauti ya chini, kama watu wanaomteta mwenye nyumba akiwa jikoni. "Anafunga kitambaa sasa. Anajidai ni mwalimu." Nilipanda juu ya dawati nikagonga mabati kwa ufagio, mbele ya darasa zima. Tangu siku hiyo Wangari alifundisha darasa lake asubuhi na langu mchana. Wageni waliokuja shuleni hawakutambua tofauti, kwa kuwa uso ulikuwa mmoja.

Mwaka wa hamsini na nne tuliamriwa kubomoa nyumba na kuhamia kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Ilikuwa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Kulikuwa na lango moja, na saa za kutoka zilipangwa. Kwa mtu mwenye akili timamu ilikuwa taabu. Kwangu mimi, ambaye tayari nilijua kwamba natazamwa, ilikuwa kana kwamba serikali nzima imekubaliana na wale wanawake wa darini.

Alasiri moja, lango likiwa limeshafungwa, nilipita kwenye upenyo wa ua nikaelekea mtoni nikijibizana nao kwa sauti. Walinzi waliniona nikipunga mikono upande wa kichaka, wakafikiri nawaashiria wapiganaji wa msituni. Mmoja alinipiga begani kwa kitako cha bunduki. Nakumbuka nilimshukuru, kwa sababu kwa muda kidogo wale wanawake walinyamaza. Mama alikuja mbio bila kitambaa kichwani, akajitupa juu yangu.

"Ngai, Mungu wangu! Msimpige! Huyu ni mgonjwa!"

"Mgonjwa wa nini? Alikuwa anaongea na nani?"

"Na hakuna mtu! Mwangalie macho, baba. Mwangalie tu."

Mlinzi mwingine aliinama, akanitazama, akarudisha bunduki begani. "Mwache," akamwambia mwenzake. "Huyu ndiye alimfundisha mtoto wangu kusoma."

Naitaja huruma hiyo kwa sababu huruma za wakati ule zilikuwa chache.

Baada ya hapo shangazi zangu wakasema wazi lile lililokuwa likisemwa chini chini, kwamba nimeugua jina. Aliyekuwa nalo kabla yangu aliugua hivyo hivyo. Mama, ambaye alikuwa mtu wa kanisa, hakutaka kuamini, lakini alianza kuniita Rakeli, jina langu la ubatizo, na akawaomba watu wote waniite hivyo. Baba hakuniita Rakeli. Hakuniita jina lolote. Alipotaka kunipa chakula alikuwa akisema, "Chukua." Neno maitu likapotea kinywani mwake, na alikufa bila kulitamka tena.

Nilipelekwa wodi ya wagonjwa wa akili Nairobi kwa gari moshi kutoka Ruiru, mama akiwa na kibali cha kusafiri alichokipigania kwa chifu muda mrefu. Ya humo wodini sitayasema mengi. Walinitia umeme kichwani. Niliamka nikiwa na ladha ya chuma mdomoni, bila kumbukumbu ya juzi wala jana, na kila mara kitu kingine kilikuwa kimeondoka: wimbo, jina la mwanafunzi, njia ya kwenda kisimani. Wale wanawake walipungua lakini hawakuhama. Mama alikuja kila alipopewa kibali, akiniletea ndizi za kuchoma zilizopoa. Hakuwahi kulia mbele yangu. Muuguzi mmoja aliniambia alikuwa akilia kwenye ngazi, akimaliza ndipo ajifute na kuingia.

Nilirudi nyumbani wakati wa mavuno ya kahawa, nimekonda kidogo, kichwa kilichonyolewa kikifichwa na kitambaa. Ndipo tulipoanza kukaa lile benchi la Thika, kwa kuwa Dakta Joshi alikuwa akiwaona wagonjwa wa akili pale mara moja kwa mwezi. Alikuwa Mhindi mfupi, mpole, mwenye Kiswahili cha dukani.

Siku moja alisema anataka kumwona pacha wangu pia, na baba na mama. Tukaingia wote. Alianza na mama.

"Mama, nyumbani kwenu iko mtu mwingine alipata ugonjwa kama hii?"

"Hakuna," mama akajibu upesi. "Kwetu hakuna. Sisi ni watu wa kichwa kizuri, dakta. Uliza mtu yeyote Ruiru."

"Iko," baba akasema.

Mama aligeuka kumtazama. Baba alikuwa amekunja kofia yake mkononi kama mtu anayekamua nguo.

"Mama yangu. Alikuwa na akili kuliko wanaume wote wa ukoo. Halafu akaanza kusikia watu kwenye migomba. Walimfunga kamba kwenye nguzo ya nyumba ili asipotee. Mimi nilikuwa mtoto, na ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji. Wakati mwingine alinijua, wakati mwingine alinitemea mate." Akaikunja kofia upya. "Na ndugu yake mmoja vilevile. Alipotea, hatukumwona tena."

Yeye mwenyewe hakuwa amemwambia mama hata siku moja, miaka yote ya ndoa; mama alikuwa amesikia kwa shangazi tu. Nilielewa hapo kwa nini ameshindwa kuniita lile jina. Kila aliponiona aliiona nguzo.

Dakta Joshi aliandika polepole. Kisha akasema anataka kupima vichwa vyetu, mimi na Wangari, kwa maswali sawa. Alitaka Wangari angoje nje, lakini sikuuachia mkono wake, basi akamwacha akae.

"Anza mia moja. Toa saba. Toa tena saba. Endelea mpaka mimi nasema basi."

Nilifumba macho. "Tisini na tatu. Themanini na sita." Nilikuwa nikiziona namba zikija kama watu wanaotembea kwenye ukungu, na baada ya ile ya pili hakuna aliyetokea. "Themanini," nikasema. "Themanini na..." Nilingoja. Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia mama akivuta pumzi. "Themanini," nikasema tena, nikaacha.

"Sawa, sawa. Sasa wewe, dada."

Wangari alianza upesi, kwa sauti yake ya darasani. "Tisini na tatu. Themanini na sita." Akanitazama. Nilimwona akinitazama. "Themanini," akasema. "Themanini na... themanini."

Aliacha pale pale nilipoachia mimi.

Daktari aliweka kalamu mezani. Baba aliinamisha kichwa. Kila mtu chumbani alijua kwamba Wangari hajawahi kushindwa na hesabu tangu azaliwe, na mimi pia nilijua, hata na ukungu wangu. Ugonjwa huu huchukua vingi lakini haunyang'anyi uwezo wa kujua kwamba unahurumiwa.

"Dada," Dakta Joshi akasema taratibu, "mimi nataka hesabu ya kweli. Hii si mtihani ya shule."

Wangari alirudia. Alishuka kutoka mia moja mpaka mbili bila kukwama, machozi yakimtiririka, sauti ikiwa imara. Hakuna hesabu niliyowahi kuisikia ikisomwa kwa huzuni namna ile.

Alipomaliza, akauliza, "Dakta, mimi na huyu ni damu moja. Hata mwalimu wetu alishindwa kututofautisha. Na mimi itanipata?"

"Iko ndani ya damu, kidogo," akajibu. "Hiyo ni kweli, siwezi danganya. Lakini damu si yote. Nimeona pacha, mmoja anaugua, mwingine anazeeka mzima. Wewe iko hatari kuliko mtu wa barabarani. Zaidi ya hapo sijui. Hakuna mtu anajua."

Nje, chini ya mti wa jakaranda, nilimgeukia Wangari.

"Usifanye hivyo tena. Usinionee huruma mbele ya watu."

"Haikuwa huruma."

"Ilikuwa nini basi?"

Alifungua kikapu akatoa viazi vitamu, akanipa kikubwa.

Maneno ya chumba kile yalitoka nje, sijui kwa mdomo gani. Wakati huo Wangari alikuwa ameposwa na Mugo, fundi wa cherehani aliyeshona kwenye baraza la duka moja la Kihindi pale Thika. Kabla ya baridi ya Julai, wazee wa Mugo walikuja nyumbani, wakakataa chai, wakasema mambo yasimame kwanza. Mama yake Mugo hakufichaficha. "Msichana ni mzuri," alisema. "Lakini nyumba hii ina kitu, na kitu hicho kina uso kama wa msichana." Wangari alikuwa jikoni akisikia. Alimaliza kuosha vikombe vilivyokuwa safi tayari.

Kwa muda mrefu hatukuongea vizuri. Alinifulia, alinisuka nywele zilipoota tena, lakini tulikuwa kama watu wawili wanaoogopa kukanyaga kitu sakafuni. Usiku nilimsikia akigeuka. Nilitamani kumwomba radhi, ila sikujua ninaomba radhi kwa lipi, kwa kuwa sikuwa nimefanya lolote zaidi ya kuugua.

Mvua ya mwere, ile ya vuli, ya mwaka uliofuata ndiyo iliyokuja na vidonge vipya. Dakta Joshi alinipa akisema vimeanza kutumika juzi tu. Kwa wiki kadhaa nililala kama gogo. Kisha asubuhi moja, nikiwa napepeta maharagwe, nikagundua nimepepeta ungo mzima bila kusemwa. Nilikaa kimya nikisubiri wale wanawake waseme kitu. Hawakusema. Nilisikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali. Nililia kwa kuwa dunia ilikuwa imenyamaza, na nawaambia wa benchi, nilijisikia mpweke pia. Walikuwa maadui, lakini walikuwa wamekaa nami miaka.

Mwili ulilipa. Nilinenepa hadi nguo zikashonwa upya. Mikono ilitetemeka, mdomo ulikauka. Jua, ambalo nililelewa ndani yake, likawa linaniunguza uso na shingo hadi ngozi inatoka, nikawa natembea na mwavuli kama mke wa mzungu na watoto wakinicheka. Hedhi ilikoma. Kisha maziwa yakaanza kunitoka matitini. Mama aliyaona kwenye blauzi. Alifunga mlango.

"Ni nani?" akauliza. "Niambie tu, sitakupiga. Ni nani amekutumia vibaya ukiwa mgonjwa?"

"Hakuna mtu, mama."

"Maziwa hayatoki bure!"

Tulikwenda benchi tena. Dakta Joshi akaeleza ni vidonge. Mama alifunika uso kwa kanga, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa kuhama, kicheko kilichogeuka kilio kabla hakijaisha. Lakini sikuacha vidonge. Wengi huacha hapo, kwa aibu, na wanaowashika mikono huwaruhusu. Mwambieni daktari. Msinyamaze.

Jambo ambalo vidonge havikurudisha ni kile kichwa chepesi. Nilijaribu kufundisha tena. Mwalimu mkuu alinipa darasa la wadogo kabisa, na nilidumu mpaka wiki ya pili. Sentensi zilikuwa bado zinanitoka kabla ya nukta. Nilimrudishia chaki mwenyewe. Aliniomba nifikirie tena, nikamwambia nimefikiria kwa kadiri ninavyoweza kufikiria. Nikaanza kupanda nduma, yaani magimbi, kando ya mto, penye kivuli, ambapo jua halinifikii. Nduma hazina haraka. Nikisahau nilipoishia, nasogea tu kwenye inayofuata. Bado kuna siku namlilia yule msichana wa shule, kama mtu anavyomlilia ndugu aliyekufa, na sijaona dawa ya kilio hicho.

Mugo hakuwa amekaa kimya muda wote huo. Alikuwa akija Ruiru kwa baiskeli kila Jumapili, akakaa kanisani nyuma ya Wangari. Mwishowe alimwambia mama yake kwamba ama amwoe huyo au asioe. Walifunga ndoa bila shangwe kubwa, wakapanga chumba Thika, na baada ya msimu mmoja wa kahawa, Wangari akajifungua msichana.

Niliitwa nikamsaidie. Mama yake Mugo naye alikuwapo, na mbele yangu alimwambia Wangari, "Asiachwe na mtoto peke yake." Wangari alikuwa dhaifu, hakuwa na nguvu za kubishana. Mimi nikasema, "Sawa, mama," nikaenda kuchemsha maji.

Siku ya tatu mama yake Mugo alikwenda sokoni. Mchana ulikuwa wa joto. Wangari alikuwa amelala chali, macho wazi, mtoto kifuani. Alikuwa na weusi chini ya macho ambao haukuwa wa kuzaa tu.

"Hulali," nikamwambia.

"Siwezi."

"Mtoto hakusumbui. Ni nini?"

Alimvuta mtoto karibu zaidi. "Kila nikiamka," akasema, "kabla sijafungua macho, nasikiliza kwanza. Nasikiliza kama kuna mtu ananisema."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile kwa Dakta Joshi. Hakuna asubuhi niliyoacha. Mugo hajui. Leo nilisikia sauti nikaganda, nikasema imefika, imefika. Kumbe ni mtoto analia njaa." Alijaribu kucheka. "Na sasa namsikiliza na yeye. Namtazama akinyamaza, nasema, anamsikiliza nani?"

Miaka yote nilidhani mgonjwa wa nyumba ile ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimemwonea wivu, na yeye alikuwa ameishi na ugonjwa wangu bila kuumwa, bila kidonge chake wala benchi lake. Niliketi ukingoni mwa kitanda.

"Nisikilize mimi," nikamwambia. "Ukiwa macho hivi, unajiumiza bure. Mimi sikujijua. Wewe ndiye uliyenijua, kabla ya mama, kabla ya mtu yeyote. Ikikujia, nitaijua mimi. Uso huo naufahamu, ni wangu. Na huyu mtoto vilevile. Kazi ya kusikiliza niachie mimi."

"Utaiweza?"

"Nimeifanya kwa miaka. Hakuna anayeijua kuliko mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu, akitafuta kitu usoni mwangu. Kisha akamwinua mtoto akaniwekea mikononi, mikono ile inayotetemeka, na hakubakiza hata kidole chake kumtegemeza. Akageukia ukutani. Haukupita muda nikasikia pumzi yake ikitulia, akikoroma kidogo kama alivyokoroma tukiwa wadogo kwenye kitanda kimoja.

Mama yake Mugo alirudi, akasimama mlangoni na kikapu chake. Niliweka kidole mdomoni kumwashiria asiseme, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamelala. Alituangalia. Halafu akavua viatu, akaweka kikapu chini bila kelele, na akaketi kwenye kigoda upande wa pili wa kitanda. Hakunyosha mkono kumchukua mtoto.